Bangili ya Feruzi Iliyotiwa Ukwajuni

Nizwa, Oman

Kwa dada yangu mpenzi na mkubwa wangu, Mwanakombo,

Shikamoo. Ni matarajio yangu kwamba waraka huu utakukuta mguu wako umepona na Mama anakula vizuri. Kwa upande wangu mwili u mzima. Moyo ndio wenye maradhi, na sababu yake naiwasilisha kwako kama ifuatavyo.

Unafahamu kuwa kwa miaka sita mapambo ya fedha ya Bibi Zuwena, mwenye nyumba hii, yamesafishwa kwa mikono yangu pekee. Mwezi uliopita binti yake, Asila, alirejea kutoka masomoni Marekani, akamletea bangili ya fedha yenye mawe ya feruzi, iliyofuliwa kwa mkono na fundi wa Kinavajo, kabila la wenyeji wa asili wa kule. Dada, sijapata kuona buluu kama ile. Kabla ya kwenda kazini Maskati, Asila aliniagiza kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa huku: "Hii jiwe inakunywa. Usitie maji, usitie ndimu. Na hii nyeusi kwenye nakshi si uchafu, fundi amefanya makusudi."

Juma lililofuata Bibi akaikabidhi bangili hiyo, si kwangu, bali kwa Rehema, msichana wa Mombasa mwenye miezi minne tu humu ndani. "Ana mikono miepesi," akasema. Miepesi! Mikono iliyokwisha kuvunja vikombe vitano vya kahawa!

Rehema akaitosa katika maji ya ukwaju, kama tufanyavyo kwa fedha zote za hapa. Nami nilikuwa kando yake nikichagua mchele.

"Dada Mwanaidi, huu weusi utatoka kweli?"

"Subiri, utaona," nikamjibu.

Ilipofika alasiri, feruzi ilikuwa ya kijani kilichofifia, na nakshi imekuwa nyeupe kama bati. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilisubiri afukuzwe.

Lakini Rehema alikwenda mwenyewe sebuleni, analia. "Bibi, nimeiharibu. Nitukane utakavyo, ila kwetu usinirudishe."

Bibi aliigeuzageuza, kisha akacheka mpaka mtandio ukamteleza. "Weye mtoto weye! Miye nilipoteza kipini cha pua cha mkwe wangu, nikamsingizia paka. Weye umesema kweli. Haya, ivae, yako hiyo."

Akanigeukia. "Na weye Mwanaidi, Asila hakukwambia kitu?"

"Hakuniambia, Bibi."

Sasa kila tukandapo unga naiona mkononi mwa Rehema, na hata kijani chake nakitamani. Asila anakuja Ijumaa kumwangalia mama yake. Naomba unishauri kwa haraka: nitangulie kusema, au ninyamaze?

Nifikishie salamu kwa Mama, kwa shemeji, na kwa Mjomba fundi redio, ila habari hizi usiwasomee. Rehema naye anakusalimu mno. Amesisitiza niandike kwamba anamshukuru Mungu kwa kumpa dada mwema ugenini.

Mdogo wako mtiifu,
Mwanaidi