Tao la Baba

Ijumaa, 3 Oktoba
Ibada Abu Hamour; huku ugenini Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Kanisa lilijaa, nikasimama mlangoni. Kisha basi, kitanda, kitabu. Nimekiazima maktabani kwa ajili ya Baba. Kinahusu makanisa makuu ya kale ya Ulaya. Baba ni fundi mawe, kwetu Kangundo. Anajenga kanisa la kijiji, mwaka wa saba sasa. Mimi ni mlinzi hotelini, West Bay, mwaka wa nne. Sijaona hata ukuta mmoja ila kwa picha.

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimemsimulia Baba kwa simu wakati wa mapumziko. Mafundi wale walipima kwa kamba na bikari. Mji mzima ulivuta mawe, tajiri na maskini. Wasomi wao walifundisha kwamba mwanga ndio unaofanana na Mungu kuliko vitu vyote. Ndiyo maana madirisha yakawa makubwa hivyo. Baba akauliza kama waliuona mwisho wa kazi. Nikamwambia wengi walikufa kuta zikiwa kiunoni.
Ana miaka sabini na mmoja. Najuta.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama amepiga. Ukuta wa kusini una ufa tangu wafunge tao la mawe. Tao lenyewe linashikiliwa na mbao tu. Kamati ya kanisa inataka libomolewe, waweke vyuma. Baba hali chakula.
Nimeomba likizo. Supavaisa amesema hadi Aprili. Nimelia chooni, nikarudi zamu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimepata! Tao husukuma kuta nje. Wale wa kale waliongeza nguzo za mawe nje ya ukuta, ziusukume kurudi. Baba kajenga nyumba za paa la mabati maisha yake yote, tao ni lake la kwanza. Nimechora, nikamtumia. Akapiga papo hapo.
"Hii nguzo imesimama kando, ama imeshikana na ukuta?"
Nikamwambia imefumwa nao, jiwe kwa jiwe.
"Basi hao walinitangulia," akasema.
Nimecheka. Mara ya kwanza wiki hii.

Alhamisi, 30 Oktoba
Kamati imempa hadi mwisho wa Novemba. Wanakwaya wanabeba mawe, kina mama mchanga. Kila picha naikuza nitafute mikono ya Baba. Imechubuka? Sioni.
Nataka vumbi la mawe lile la nguo zake. La hapa ni jingi, lakini silo.

Jumamosi, 29 Novemba
Wametoa mbao leo. Mama alinipigia kwa video. Nilikaa kwenye ngazi za wafanyakazi. Baba akagonga kabari ya kwanza iliyokaza mbao, mtandao ukakatika. Dakika ishirini. Nililiogopea tao, nikamwogopea yeye zaidi, kwa sababu hakukubali mtu mwingine agonge.
Kisha sauti yake, imerekodiwa.
"Limeshuka upana wa kidole, likakaa. Niko chini yake, mwanangu."
Halafu kupumua tu. Nimeisikiliza mara sita.

Jumapili, 30 Novemba
Zamu ya asubuhi. Wageni wachache.
Baba amepiga jioni. Hakutaja tao. Ameuliza nimekula nini. Nikamwambia wali na kuku. Akasema vizuri.
Mama ndiye aliyesema mengine. Wamesali ndani leo, paa bado. Watu walikuwa wengi, wengine wakakosa pa kukaa. Lakini kwenye benchi, kati yake na Baba, aliweka mkoba wake. Kila aliyeuliza aliambiwa hapo pana mtu.