Nyusi si kope

Makebuko, Jumanne jioni

Basi si ukoma. Naandika tena ili niamini: si ukoma.

Tangu nyusi zianze kunidondoka, mama mkwe kule Muyinga ananiambia kwenye simu kwamba wenye ukoma huanza hivyo hivyo. Nikaogopa. Nikawa namnyonyesha Kezia huku nimegeuzia uso ukutani, nisimpumulie.

Leo nimeenda kituo cha afya Gitega. Mi nimekulia Tanzania, na Kirundi changu kimeniangusha. Nilisema zinazodondoka ni "ingohe", muuguzi akaanza kunimulika macho kwa tochi.

"Mama, kope zako nzima kabisa!"

Nikamwonyesha nyusi kwa kidole. Akacheka mpaka akashika meza. "Hizo ni ibitsike! Ningekupa dawa ya macho bila sababu, we mwana wa Tanzania."

Kisha akanifumbisha macho, akawa ananigusa kwa pamba usoni na mikononi. Kila alipogusa nilisikia; anasema mwenye ukoma hupata ganzi na madoa. Doa hakuna. Anasema ni uzazi, nywele hudondoka hivyo baada ya kujifungua, halafu na ile krimu ninayopaka ya kung'arisha uso, na wembe ninaochongea nyusi. Niache vyote viwili, nisubiri. Zisipoota, nirudi wapime damu.

Sijui kama zitaota zote. Mama mkwe nitampigia kesho, leo bado nina hasira kidogo.

Kezia alikuwa amelala. Nikambusu mashavu, pua, macho, mpaka akaamka akilia. Sikumwachia.