Kijiji cha Mzee Arthur

Jumanne, Weston

Leo tena kijiji chake! Mzee Arthur ninayemtunza hachoki kunipa habari za kijiji alikozaliwa, huku huku Uingereza: kanisa la miaka mia nane, daraja la mawe, kidimbwi cha bata. Bata! Utadhani ni bustani ya Edeni.

Nikiwa namvalisha soksi akaniuliza, "Na kwenu, Wanjiru, kuna historia yoyote?"

Nikamjibu, "Ipo. Watu wa vijiji kama chenu walikuja wakachukua shamba la babu yangu."

Akauvuta mguu wake. Nikaogopa atanishtaki kwa bosi, na kazi hii naihitaji.

Nilipokuwa navaa koti niondoke, akauliza kijiji chetu kinaitwaje. Nikamtajia. Akajaribu kulitamka jina lile mara tatu, ulimi ukamgomea.

Sikumsaidia.