Mahfudha Twahir, Muuguzi Aliyeketi Mkekani

Mwaka umetimia, mama yetu mpenzi, tangu Mola alipokuita, na hapa Ngomeni wangali wapo wanaokutaja kana kwamba umetoka kidogo tu na utarudi kabla ya adhuhuri.

Ulikuwa muuguzi mkuu wa zahanati yetu, lakini ofisini hukuwa mtu wa kukaa. Ulijua kwamba huku kwetu mwanamke aliyejifungua hatoki nje mpaka arobaini yake iishe, na mtoto naye hatolewi. Basi ulibeba kikasha cha chanjo ukawafuata majumbani. Ulivua viatu, ukamwamkia bibi mwenye nyumba, ukaketi mkekani ukanywa ule uji wa pilipili manga aliopikiwa mzazi, ukaulizia habari za ukoo mzima. Chanjo ilikuja baadaye, mtoto akiwa keshazoea mikono yako. Na umbea uliupenda, tuseme kweli.

Baba analalamika kwamba hana tena wa kumgombeza kwa kujaza sukari kwenye chai. Siku hizi anatia kidogo, ingawa hakuna anayemwangalia.

Ulipotutoka, binti yako Raihana alikuwa na hofu moja: kwamba kazi yako ingezikwa nawe. Mueni, uliyemfundisha mwenyewe, alishika nafasi yako. Ni mtu wa bara, mchapakazi, ila ana haraka. Siku ya kwanza aliingia kwa jirani yetu Bi Zuena, akafungua kikasha akiwa amesimama, akaomba apewe mtoto. Aliletewa uji, akasema ana nyumba nyingi za kupitia. Bi Zuena alimchukua mjukuu wake akaingia naye chumbani na kufunga mlango. Habari zilienea, na nyumba nyingine nazo zikamfungia. Watoto wakawa wanakaa bila kinga.

Raihana alilia siku hiyo kuliko alivyolia msibani. Kisha akaenda zahanatini kumtafuta Mueni, na wala hakumlaumu.

"Dada," alimwambia, "mama alikuwa mgeni kwanza, muuguzi baadaye. Kesho twende sote, na usile kitu kabla."

Wakaenda. Mueni alimpa Bi Zuena shikamoo yake, akamwomba radhi, akaketi na kuumaliza uji wote huku pilipili ikimtoa machozi. Mtoto alichanjwa siku hiyohiyo. Raihana aliendelea kumsindikiza nyumba hadi nyumba, mpaka siku aliposhikwa na homa, Mueni akaenda peke yake, na milango ikafunguliwa.

Wiki iliyopita Bi Zuena alikuja zahanatini kwa miguu, amekasirika kwelikweli. Binti yake mwingine alikuwa amejifungua. Alimkabili Mueni mbele ya wagonjwa wote.

"Mwanangu, mtoto ana siku tatu huyu na hujaja kumtazama. Nimekukosea nini?"

Raihana aliposimuliwa alicheka mpaka akakaa chini. Ile hofu imemtoka, Mama. Tumeona tukuambie.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Unakumbukwa na mumeo Badawi, watoto wako Raihana na Twahir, wakwe zako na wajukuu, majirani wote wa Ngomeni, na Mueni, ambaye ameomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya watoto wako, nasi tumekubali kwa moyo mmoja.

Maadamu tuko hai, hatutakusahau.