Herufi Iliyoliwa na Mashine

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu linalia kuliko bawaba kavu, kwa ngazi za ofisi ya chama. Simu imetumbukia kwenye ndoo ya gundi, ndiyo maana naandika.

Chama chetu cha maseremala kinakutana Jumamosi tarehe 16. Katibu, ambaye Kiswahili hukikumbuka akiwa na njaa tu, ameandika ajenda kwa Kiingereza. Ya tatu inasema: "To oust the Chairman." Mwenyekiti ni mimi, miaka kumi na minne sasa. Naona ni "host", ila katibu kachomeka "u" yake, na mashine ya fotokopi imekula herufi ya kwanza. Watanikirimu! Nimeshonesha suti, hotuba ya shukrani iko tayari. Wewe mwalimu wa Kiingereza, sijakosea?

Baba yako

10 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Barua yako nimekaa nayo siku mbili nikitafuta pa kuanzia. Mashine haikula kitu. "Oust" ni kumng'oa mtu kwenye kiti au cheo. Halitumiki kwa anayeondoka kwa hiari yake. Lazima awe amekishikilia, hataki kutoka. Nisamehe, Baba. Usiende na hotuba ile.

Mwanao

19 Machi

Marahaba mama,

Goti limepoa, na sababu utaiona. Barua yako imefika jana, Jumatatu. Mkutano ulishapita.

Niliingia na suti. Ilipofika ajenda ya tatu nikasimama kabla mtu hajafungua kinywa, nikawashukuru kwa upendo. Nikasema sherehe kama hii hufanyiwa mtu anayeaga, na mimi ngazi zile zimenishinda ila nilikuwa naona haya kusema. Kiti nawaachia.

Katibu akafuta jasho kwa ajenda yenyewe.

Fundi wa makochi akaninong'oneza, "Mzee, kwani karatasi uliisoma?"

"Nisingeisoma ningeshonesha suti?"

Akaenda kuagiza soda za watu wote. Basi wakanikirimu kweli.

Jana nimesoma barua yako, nimecheka mpaka mama yako akaniletea maji. Lakini mwalimu, kwa sarufi yako mwenyewe, mimi nilitaka kutoka. Neno lao halikunipata.

Limenipata leo. Nashinda nyumbani sasa, na tangu asubuhi mama yako amenifanyia "oust" jikoni mara mbili. Huko, kusema kweli, nilikuwa nimeshikilia kiti.

Baba yako, asiye mwenyekiti wa popote