Posa ya Mambrui na Kilabu cha Ami Yako

Barani,
Malindi.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mjukuu wangu Muzammil,

Huna haya wewe. Umekaa Doha kwenye kiyoyozi, ukampeleka ami yako kilabu kufundishwa kusema kama mtoto wa chekechea, na sasa mimi ndiye ninayefunika uso nikipita njiani. Hilo nimelitanguliza kwa sababu lingenikwama kooni.

Haya, assalamu alaikum. U hali gani, baba? Kile kikohozi kimekwisha? Wala chakula cha kupikwa, au ndiyo ile mikate mikavu ya dukani? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila goti langu la kushoto, siku hizi naswali nimekaa. Ami yako Omar mzima wa mwili. Ya moyoni mwake utayasoma hapa chini.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, polepole, na atakayekuletea ni mtoto wa jirani anayerudi huko kazini. Kwenye simu sikuwezi. Kila nikianza kukukaripia, mtandao wako hukatika.

Wajua babu yako ndiye aliyekuwa akisema kila posa ya nyumba hii. Alipofariki, kazi ikamwangukia Omar, maana baba yako naye hatunaye. Omar ni fundi wa kanzu. Maneno yake machache, na akiona watu wengi jasho humtoka mpaka shingoni. Malindi nzima yamjua hivyo na yampenda hivyo. Wewe ukaona hatoshi kukuposea Mahira, binti wa Mambrui. Ukamtafutia kilabu kutoka huko huko uliko, ati apate kujiamini.

Nilikwenda nikaona kwa macho yangu. Ni ukumbi wa kukodi mjini, Jumamosi alasiri. Mkubwa wao ni kijana wa bara aitwaye Tevin, ana tai na ana adabu, shikamoo alinipa, hilo simnyimi. Lakini mambo yao yanatia kinyaa. Mtu asimama aeleza alivyopoteza funguo za nyumba, watu wampigia makofi. Akisita kidogo akasema "eee", yuko mwenzake kakaa na kengele, amgongea. Akimaliza, huinuka mwingine akamsifu, akamkosoa, kisha akamsifu tena, kama anayemlisha mtoto shubiri katikati ya vipande viwili vya haluwa. Mtu mzima mwenye ndevu anagongewa kengele kwa kuvuta pumzi.

Nikamuuliza Tevin wafundisha nini hasa. Akanambia mtu aanze na kichekesho, awatazame watu machoni, asizunguke, aseme anachotaka. Nikamwambia labda hiyo ni njia nzuri ya kuuza sabuni. Tevin alicheka. Omar hakucheka, alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Basi Ijumaa baada ya alasiri tukaenda Mambrui. Wanaume barazani, sisi wanawake ndani nyuma ya pazia, twachungulia na kusikia kila kitu. Wewe wajua desturi. Mwenye kuposa hukaa chini na wenziwe. Huuliza hali za wazee mmoja mmoja, akawaombea maiti wa nyumba ile, kisha hujidunisha, akasema sisi si watu wa kitu, tumekuja kuomba mtoto wetu azaliwe kwenu. Binti hatajwi jina.

Omar alisimama. Wazee wamekaa mkekani, yeye kasimama juu yao kama mlingoti. Akaanza na kisa cha punda aliyekwenda kuoa. Hakuna aliyecheka. Akamkazia macho Mzee Famau, baba yake Mahira, bila kupepesa, kama mtu aliyekuja kudai. Akaenda huku na huku, mikono hewani, pindo la kanzu lapita juu ya vikombe vya kahawa vya watu. Akainua vidole, akasema ana sababu tatu kwa nini Muzammil ndiye amfaaye Mahira. Kwa jina lake, mbele ya baba yake. Akakunadi wewe kama mbuzi wa sokoni: kazi yako, kimo chako, hata meno.

Nyanyake Mahira alikuwa ubavuni mwangu. Akaniinamia akasema, "Shekha, huyu mwanao amekuja kuposa au kuomba kura?" Nilivuta leso nikajifunika.

Mzee Famau akasema, "Tumesikia." Basi. Anayekubali husema tumepokea, na wewe wajua. Ile sinia ya haluwa tuliyopeleka haikukatwa hata kipande.

Hapo kile kilabu chote kikamtoka Omar. Akakaa chini, jasho lamtiririka, akasema kwa ile sauti yake ya siku zote, asita kila neno: "Wazee wangu, niwieni radhi. Mimi... sijui kusema. Huyu ni mtoto wa... wa marehemu kaka yangu. Nimemlea mimi. Nakuombeni mumpokee, awe wenu."

Mzee Famau akamwambia, "Hayo ndiyo maneno, Omar. Yale ya kwanza mrudishie aliyekupa."

Lakini usifurahi. Hakukataa wala hakukubali. Asema amesifiwa mtu asiyemjua, kwani tangu uondoke huku u mtoto hajakuona. Ataka uje mswali Ijumaa safu moja, aone unavyowasalimu watu. Akiridhika, Omar ndiye arudi kuposa, hataki msemaji mwingine. Na atangoja mpaka Ramadhani tu, maana kuna watu wa Lamu nao wamebisha hodi.

Omar hajagusa cherehani tangu siku ile. Chai apelekewayo yapoa. Jana Tevin alikuja kumjulia hali na chane ya ndizi. Nilimkaribisha akala, nikamwambia siku atakayokuja na kengele nitaitupa kisimani. Wewe ukimpigia ami yako, usimtajie kujiamini. Mwambie ahsante kwa kukulea, kisha umwachie nafasi ajibu, hata akichelewa.

Shangazi yako Mwanaidi akusalimu sana, na watoto wake wote. Lewa wa nyumba ya pili naye asema akuona kwenye picha umekonda. Mola akuhifadhi na macho ya watu, akupe riziki ya halali na mke mwenye subira, maana utamhitaji.

Ukishaisoma barua hii, kesho yake asubuhi, kabla hujafanya kazi yoyote, nenda kwa mkubwa wako ukaombe ruhusa. Kata tiketi, uje Mambrui uswali.

Mimi nyanya yako, nikupendaye hata nikiwa nimekukasirikia,
Shekha