Ufa wa MD5

Alhamisi, 1996

Sahihi yangu haipati ng'o! Bwana Athmani, mkubwa wangu ofisini, ataka nitie sahihi karatasi yake isemayo kuwa MD5 ni salama. Ndiyo hesabu inayoyapa mafaili yetu ya kompyuta alama, tujue kama yameguswa. Nimemwonyesha makala: wataalamu wameiona ina ufa, huenda siku moja mafaili mawili tofauti yakatoa alama moja.

"Kwani imevunjwa, mwanangu?" akanicheka.

Jioni nikamkuta mzee Makadara, jirani yangu, akinunua mtungi wa maji. Akaugonga kwa kidole, mlio haukumridhisha, akaurudisha.

"Kwani unavuja, mzee?" muuzaji akauliza.

"Ningoje uvuje?"

Naogopa kufutwa kazi, sikatai. Lakini kesho Bwana Athmani ataikuta karatasi yake mezani. Penye sahihi nimeandika maneno ya Makadara: "Ningoje uvuje?"